Leseni na vibali vya fundi bomba: hatua kwa hatua, kuanzia cheti hadi ukaguzi

Kazi ya bomba ikishakwisha haionekani. Mlango wa seremala kila apitaye anauona ulivyokaa, na ukuta uliopinda humsuta mwashi wake mchana kweupe. Bomba hulazwa chini ya sakafu, hupandishwa ndani ya ukuta, hupigwa plasta, vigae vikaja juu, na tangu siku hiyo watu wa nyumba ile wanakunywa na kuogea maji yaliyopita kwenye viungio ambavyo hawatavitia machoni tena. Leseni ya fundi bomba inaanzia hapo. Sheria inataka awepo mtu mmoja, mwenye jina, aliyepimwa, anayeweza kusema: kilichofunikwa hapa nimekiona na nimekijaribu.

Mwongozo huu nauandika kwa aliyemaliza chuo na hajui aelekee wapi, na kwa yule aliyefunzwa kazini miaka na miaka, mikono yake inajua kila kitu ila hana karatasi hata moja. Majina ya ofisi hubadilika kutoka nchi hadi nchi, na mara nyingine kutoka mji hadi mji. Mpangilio wenyewe haubadiliki sana. Ukiuelewa, utajua cha kuuliza popote utakapofika.

Karatasi nne, kila moja na kazi yake

Nimewaona mafundi hodari wakikwama kwa sababu tu wametoa karatasi isiyoulizwa. Mtu anaombwa leseni, anaonyesha cheti cha chuo. Anaombwa kibali, anaonyesha leseni ya biashara. Anarudishwa nyumbani akiwa amekasirika, na kumbe aliyeko dirishani hana kosa.

Cheti cha ufundi kinasema unajua. Hutolewa na chuo au bodi ya mitihani, na kwa kawaida hakiishi muda wake. Leseni ya fundi inasema umeruhusiwa kufanya kazi hii, wewe kwa jina lako, kwa daraja fulani, hadi tarehe fulani. Usajili wa biashara au wa ukandarasi unakuruhusu kuchukua kazi kwa mkataba, kuajiri wengine na kutoza kwa jina la kampuni. Kisha kuna kibali cha ufungaji, ambacho si chako hata kidogo: ni cha jengo. Kinasema kwamba kazi hii, katika nyumba hii, kwa mchoro huu, imeruhusiwa ifanyike na itakaguliwa. (Nakiita kibali cha ufungaji makusudi, maana ukisema kibali cha kazi mtu wa uhamiaji atadhani unaongelea mgeni aliyeingia nchini kutafuta ajira.)

Ukiwa umeajiriwa chini ya fundi mwenye leseni, huenda ukahitaji cheti peke yake au usajili wa mwanagenzi. Ukijitegemea, jiandae kuwa na zote nne.

Kwa nini wanabana namna hii

Fundi akijua sababu, hayaoni masharti kama adui. Kwa hiyo nivumilie kidogo hapa.

Mwaka 1933 mji wa Chicago ulikuwa na maonyesho ya dunia na mahoteli yalijaa wageni. Ukazuka ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na amiba. Uchunguzi ukarudi nyuma hadi kwenye mabomba ya hoteli mbili, ambako njia za maji taka na za maji safi zilikuwa zimekutana pasipotakiwa, na bomba bovu la maji taka lilikuwa likivuja juu ya tangi la maji ya kunywa. Watu zaidi ya 1,000 waliugua, karibu 100 wakafa, na wengi walikuwa wamesharudi makwao dalili zilipoanza. Hakuna aliyekusudia mabaya. Kulikuwa na viungio vilivyowekwa bila mtu wa kuviangalia.

Mwaka 2003 virusi vya SARS viliwapata watu zaidi ya 300 katika majengo ya makazi ya Amoy Gardens, Hong Kong. Moja ya njia zilizoonekana kuvisambaza ni mikunjo ya mabomba ya sakafu za bafu, ile inayotakiwa ibaki na maji siku zote ili hewa ya chooni isirudi ndani. Mikunjo ilikuwa imekauka, feni za bafuni zikavuta hewa chafu kutoka kwenye bomba kuu hadi vyumbani. Maji yanayokaa kwenye mkunjo ule ni kina cha sentimita 5 hivi. Sentimita 5 za maji ndizo zinazotenganisha familia na bomba la majirani wote.

Hizo ni habari za mbali, lakini hatari ya kila siku ni ndogo na ya kawaida zaidi. Mtu amezamisha mpira wa maji kwenye ndoo aliyochanganyia dawa ya wadudu, kisha bomba kuu la mtaa likapasuka. Presha inashuka ghafla, na ule mpira unaanza kunywa ndoo. Dawa inaingia kwenye bomba la nyumba, na maji yakirudi inamfikia mtoto anayekinga kikombe. Au hita ya maji imefungwa bila valvu ya kutoa presha, kirekebisha joto kikaharibika: maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na tangi la chuma halina pa kuyaweka.

Karibu kila swali la mtihani wa leseni na kila mstari wa fomu ya mkaguzi umetoka kwenye mambo ya aina hii. Ukikutana na sharti linalokukera, litafutie ajali yake. Utaikuta.

Hatua ya kwanza: jua unasimamiwa na nani

Usianze kwa kulipa ada. Anza kwa kuuliza, na uulize sehemu tatu: ofisi ya serikali ya mtaa inayotoa vibali vya ujenzi, mamlaka ya maji ya eneo lako, na bodi au chuo kinachosimamia mitihani ya ufundi. Ulizia mambo haya: je, fundi bomba anayejitegemea anatakiwa awe na leseni? Leseni ni ya nchi nzima au ya eneo hili? Ina madaraja mangapi? Gesi imo au iko kando? Na kanuni zilizoandikwa zinapatikana wapi? Hilo la mwisho lisisitize. Maneno ya dirishani hubadilika karani akibadilika, kanuni iliyochapwa haibadiliki hadi itakapofutwa.

Uone tofauti zilivyo kubwa. Marekani hakuna leseni moja ya nchi: majimbo mengi yana bodi zao, lakini New York mji ndio unaotoa leseni ya fundi mkuu, jimbo halitoi. Uingereza fundi wa maji wa kawaida halazimiki kuwa na leseni, ila akigusa gesi bila kuwa kwenye rejista ya Gas Safe, iliyoanza kazi mwaka 2009, anavunja sheria. Ujerumani mtu hujifunza miaka mitatu na nusu, na akitaka kufungua karakana yake mwenyewe kwa kawaida lazima yeye au aliyemwajiri awe na cheo cha Meister, yaani fundi mkuu aliyefaulu mtihani wa juu. Kanada kuna muhuri uitwao Red Seal unaotambulika mkoa hadi mkoa. Kenya mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hupanda kutoka daraja la III hadi la I, na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA, husajili wakandarasi na kuwatambua mafundi wa ujenzi. Tanzania kuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na vyeti vyake huenda kwa ngazi, nayo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, ndiyo inayoshughulika na anayetaka kuchukua kazi kama mkandarasi.

Ukiona sehemu yako haina leseni ya lazima, usifurahi haraka. Mara nyingi sharti limehamia mahali pengine: mamlaka ya maji haitaunganisha mita ila kwa fundi iliyemwandikisha, au bima ya nyumba haitalipa kazi ya asiye na cheti.

Hatua ya pili: mafunzo na daftari

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni chuo kikifuatiwa na mazoezi kazini. Ya pili ni uanagenzi, ambapo uko kazini siku nyingi za juma chini ya fundi mwenye leseni, na darasani siku chache. Mahali pengi wanahesabu miaka au saa. Texas, kwa mfano, anayetaka daraja la fundi kamili huonyesha saa 8,000 za kazi. Kwa saa 40 kwa juma, hiyo ni miaka minne hivi.

Saa hizo lazima ziandikwe, na hapa ndipo vijana wengi wanapoteza miaka yao. Daftari linajazwa mwisho wa mwaka kwa kukumbuka, au fundi mkuu amehama na hakuna wa kutia saini. Jaza kila siku kabla hujanawa mikono. Na usiandike hivi: “Nilifunga bomba nyumba ya mteja.” Mpimaji hawezi kukupa kitu kwa sentensi hiyo. Andika hivi: “Nimelaza mita 14 za bomba la maji taka la milimita 110, mteremko sentimita 2 kwa kila mita, nimeweka mlango wa kuzibulia penye kona, tumejaza maji na kuangalia viungio kabla ya kufukia.” Sentensi hii inaonyesha kwamba ulikuwepo, ulielewa na ulijaribu. Mwombe fundi wako asaini kila mwezi, na piga picha ya kila ukurasa, kwa kuwa daftari linalokaa kwenye mfuko wa vifaa hulowa.

Hakikisha pia anayekufundisha ana leseni yenyewe na haijaisha. Saa ulizofanya chini ya mtu asiye na leseni, bodi nyingi hazizihesabu.

Kama umejifunza kwa mikono bila kupita chuo, tafuta utaratibu wa kupimwa ujuzi ulionao tayari. Tanzania huitwa urasimishaji wa ujuzi na unapitia VETA, na nchi nyingi zina kitu kinachofanana nao. Hutaanzishwa darasa la kwanza. Utapimwa, utaonyeshwa mapengo yako, utayaziba, kisha utapewa cheti. Kwa fundi wa miaka 15 mapengo mara nyingi si ya mikono. Ni kusoma mchoro, kukokotoa ukubwa wa bomba na kujua kanuni kwa jina lake.

Hatua ya tatu: mtihani

Mtihani una sehemu mbili karibu kila mahali, ya kuandika na ya vitendo.

Ya kuandika hupima kama unaweza kutumia kitabu cha kanuni. Wengine wanaruhusu ukifungue chumbani, na wanaokifungua kwa mara ya kwanza siku hiyo ndio wanaoanguka. Kisome hadi ujue sura ya mabomba ya hewa (yale yanayoingiza hewa kwenye njia za maji taka) iko wapi, sura ya maji moto iko wapi, jedwali la ukubwa liko ukurasa gani. Mada zinazorudi ni hizi: mteremko wa maji taka, kina cha maji kwenye mikunjo, bomba la hewa na umbali wake kutoka kwenye sinki, kuzuia maji kurudi nyuma, hesabu ya ukubwa wa bomba kwa idadi ya vyombo (sinki, choo, bafu), na joto la maji. Kuhusu hilo la joto, elewa kwa nini tangi la maji moto huelekezwa likae nyuzi 60 au zaidi: vijidudu vya Legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45 hivi. Lakini nyuzi 60 huunguza ngozi, kwa hiyo bombani kunawekwa valvu ya kuchanganya. Ukielewa sababu zote mbili huwezi kusahau jibu.

Swali la mteremko huwapoteza hata wazoefu. Wengi wanadhani bomba likiinama zaidi ndiyo bora. Kumbe likilala sana uchafu unakaa, na likiinama kupita kiasi maji hukimbia yakauacha uchafu nyuma. Ndiyo sababu kanuni hutoa kiwango, na mtihani unataka kiwango hicho.

Ya vitendo hufanyika kwenye ubao au kibanda. Unapewa mchoro, bomba, viungio na saa zako. Mtahini haangalii tu kama maji yanavuja. Anapita nyuma yako anapokuona umekata bomba: je, umekwangua ncha ya ndani? Umepima mara mbili? Umeshikilia spana mbili, moja ikikaza na nyingine ikizuia, au unaikaza moja huku bomba lote linajipinda? Umevaa miwani? Meza yako ikoje? Mimi nilikatwa alama kwa mabaki ya kukwangua niliyoyaacha ndani ya bomba, na nilijisikia nimeonewa mpaka nilipofungua koki ya mteja fulani miaka michache baadaye nikayakuta mabaki ya mtu mwingine yamekata mpira wa ndani.

Hatua ya nne: kuomba leseni

Hapa ni makaratasi, na hayana siri. Kitambulisho, vyeti, daftari lililosainiwa au barua za waajiri, matokeo ya mtihani, picha, ada, na pengine taarifa ya polisi, maana fundi bomba huingia chumbani kwa watu. Hakikisha jina ni lilelile kila mahali. Tofauti ya herufi moja kati ya cheti na kitambulisho inaweza kukugharimu mwezi mzima.

Ukiipata, soma imeandikwa nini kuhusu mipaka yako. Madaraja ya chini mara nyingi yanakuruhusu kufanya kazi chini ya usimamizi lakini si kuchukua kibali kwa jina lako. Nyingine zinaishia nyumba za kuishi. Gesi huwa leseni yake peke yake, na sababu yake haihitaji maelezo marefu: gesi ikivuja hulipuka, na gesi ya sumu ya kaboni monoksidi itokayo kwenye hita isiyochoma vizuri haina rangi wala harufu. Umeme wa hita nao ni wa fundi umeme, hata kama waya ni mbili tu na unajua ziende wapi.

Hatua ya tano: biashara, bima na dhamana

Sajili jina la biashara, pata namba ya mlipa kodi, na leseni ya biashara ya eneo lako. Bima ya madhara kwa wengine usiiache hata pale isipolazimishwa. Kiungio kimoja kikiachia ghorofa ya tatu usiku, maji yatapita dari mbili kabla mtu hajaamka. Mwambie wakala wa bima aina halisi ya kazi zako, na uliza kama inalipa madhara yanayojitokeza baada ya kazi kukabidhiwa, kwa kuwa madhara ya bomba hujitokeza baadaye. Ukiajiri msaidizi, bima ya kuumia kazini ni kwa ajili yake. Baadhi ya miji huomba pia dhamana ya fedha itakayotumika kumalizia kazi au kufidia barabara uliyoichimba.

Hatua ya sita: kibali cha kila kazi

Kanuni ya jumla, na uihakikishe kwenu: kurudishia kilichokuwepo hakuhitaji kibali, kuongeza au kuhamisha kunahitaji. Kubadilisha koki, mpira wa ndani, kuzibua sinki, kuondoa choo kibovu na kuweka kingine palepale, kwa kawaida unaendelea. Kupeleka maji chumba kipya, kuhamisha bafu, kuchimba bomba la maji taka, kuunganisha kwenye bomba la mji, kufunga mfumo wa mgahawa au kliniki, hapo simama. Hita ya maji huwachanganya wengi: mahali pengi hata kubadilisha ya zamani kwa mpya kunataka kibali, kwa sababu ya ile presha niliyoitaja. Na upande wa mita ulio wa mamlaka ya maji usiuguse hata kwa dakika moja ya kufunga koki, isipokuwa wao wenyewe wamekuruhusu.

Ombi huwa na mchoro unaoonyesha njia za maji na maji taka, orodha ya vyombo, ukubwa na aina ya mabomba, namba ya leseni yako na ridhaa ya mwenye nyumba. Mchoro si lazima uwe wa msanifu kwa kazi ndogo, lakini uwe na vipimo. Vifaa viwe na alama ya ubora inayotambulika mahali hapo. Jihadhari na shaba na lehemu za zamani zilizobaki stoo: Marekani ilipiga marufuku lehemu yenye madini ya risasi kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986, na nchi nyingine nyingi zimefuata njia hiyo, kwa kuwa risasi huharibu ubongo wa mtoto pasipo dalili ya haraka.

Andika kwenye mkataba nani analipia kibali, na kwamba ukuta haufungwi kabla ya ukaguzi. Mwenye nyumba anaweza kukuambia, “Fundi, tuache hayo ya vibali, tutaokoa hela.” Mjibu kwa upole lakini usiyumbe. Nyumba isiyo na kibali humsumbua siku ya kuuza na siku ya kudai bima, na siku hiyo atakayetafutwa ni wewe.

Nina neno zito juu ya kuazimisha leseni. Rafiki anapata kazi nzuri, hana leseni, anakuomba utie namba yako kwenye fomu, atakupa chochote. Usifanye. Ukiweka namba yako umeapa kwamba kazi ile umeisimamia. Bomba likipasuka hatatafutwa rafiki yako, na bodi ikijua inaweza kukunyang'anya kilichokuchukua miaka. Ukitaka kumsaidia, mwajiri kwenye kazi hiyo, msimamie kila siku, na umsainie daftari lake.

Hatua ya saba: ukaguzi

Ukaguzi mkubwa ni mara mbili: mabomba yakiwa bado wazi, na kazi ikishakamilika. Kwa bomba la chini ya ardhi kuna wa tatu, kabla ya kufukia.

Kazi yangu ya kwanza kubwa niliyoichukua kwa jina langu ilikuwa na bafu mbili. Mkaguzi alichelewa siku mbili, mwashi alikuwa na haraka, mwenye nyumba ana wageni wanakuja. Nikaruhusu vigae vipigwe. Mkaguzi alipofika alisimama mlangoni, akatazama ukuta uliong'aa, akaniuliza, “Kijana, bomba liko wapi?” Nilimwonyesha kwa kidole. Akasema, “Mimi naona kigae.” Tulivunja mistari mitano ya vigae, mmoja baada ya mwingine, mwenye nyumba akiwa ameshika mtoto mlangoni bila kusema neno. Vigae nilivinunua mimi. Bomba halikuwa na kosa lolote, na hilo halikunifariji.

Kwa hiyo jaribu presha mwenyewe kabla mkaguzi hajaja. Ziba ncha zote, jaza maji taratibu kuanzia chini, na fungua ncha ya juu kabisa hadi hewa yote itoke, kwani hewa ikibaki inabanana na geji itakudanganya. Pandisha hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, au kiwango kilichoandikwa kwenye kanuni zenu. Bomba la plastiki litatanuka na mshale utashuka kidogo. Hiyo si lazima iwe mvujo. Pandisha tena, acha litulie, kisha anza kuhesabu muda. Mshale ukiendelea kushuka, chukua karatasi kavu ya chooni, uipitishe kuzunguka kila kiungio. Jicho linaweza kukosa tone lililojificha nyuma ya elbo, karatasi hailikosi. Usijaribu kwa hewa ya kompresa mahali pa maji, hasa kwenye plastiki: hewa iliyobanwa ikipasua kiungio hurusha vipande kama risasi za bunduki.

Mkaguzi akiwepo, kaa naye. Uwe na mchoro, kibali kimebandikwa, geji imeunganishwa. Akikataa kitu, mwombe aandike kifungu cha kanuni. Wengi hufanya hivyo bila kinyongo, na ukikosea umejifunza kifungu kimoja zaidi. Ukiona yeye ndiye amekosea, usibishane mbele ya mteja. Kuna njia ya rufaa ofisini.

Mkaguzi akiomba chochote nje ya ada iliyoandikwa, omba risiti. Neno hilo moja, likisemwa kwa heshima, hutosha mara nyingi.

Baada ya kuipata

Leseni nyingi huhuishwa kila mwaka au kila miaka michache, na baadhi hudai saa za mafunzo mapya. Weka ukumbusho miezi mitatu kabla ya mwisho. Kazi uliyoifanya leseni ikiwa imeisha huhesabiwa kama ya asiye na leseni, na bima nayo hulitazama hilo.

Ukihama nchi au mkoa, usidhani leseni inasafiri nawe. Beba vyeti halisi, mtaala wa mafunzo yako, daftari na barua zenye saa na aina za kazi, tafsiri iliyothibitishwa ikihitajika. Wanakoweza kukutambua watatambua sehemu, nawe utafanya mtihani wa kanuni zao. Hilo ni haki, kwa sababu bomba linalopita kwenye ardhi inayoganda halilazwi kama lile la kwenye joto.

Kama umekuwa ukifanya kazi bila leseni na sasa unataka kunyooka, nenda bodi kabla bodi haijakujia. Beba picha za kazi zako na majina ya wateja walio tayari kukutetea. Chukua kazi chini ya fundi mwenye leseni huku ukisubiri.

Na kila nyumba iwe na faili lake: nakala ya kibali, ripoti ya mkaguzi, picha za mabomba kabla ya plasta zikiwa na futi iliyofunguliwa pembeni ili vipimo visomeke, na mchoro wa mwisho kama ulivyofungwa kweli. Mwenye ile nyumba ya vigae alinipigia simu usiku mmoja miaka mingi baadaye, maji yakitiririka jikoni, sauti yake ikitetemeka. Nikafungua faili nikamsomea: valvu iko nyuma ya kabati la kushoto, sentimita 40 kutoka sakafuni. Akaifunga akiwa bado ananisikiliza.